Je, Nyumba ya Udongo Si Urithi?

Yakitajwa majumba ya kale, sisi watu wa pwani fikira zetu hukimbilia Lamu, Mombasa na Unguja: kuta za matumbawe, zidaka za chokaa, boriti na milango ya nakshi. Wala hatukosei. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Lakini leo, wasomaji watukufu, nataka tuiache bahari nyuma tupande hadi Nairobi, tuingie Kibera, tufike kijiji cha Soweto West, tuulize suali moja: je, huku nako kuna cha kuhifadhiwa?

Najua wapo watakaocheka. Soweto West ni safu za vyumba vya kupangisha, kiambaza cha fito na udongo, paa la mabati, na chumba cha futi 10 kwa 10 hivi huweza kubeba jamaa nzima. Mwenye kuona hayo husema: hii ni dhiki, si urithi. Nami nakubali kuwa ni dhiki. Lakini dhiki nayo ina tarikhi yake, na asiyeijua tarikhi hiyo hawezi kuitibu.

Tarikhi yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Kiingereza iliwapa makazi hapo askari wa Keya wa Kinubi, watu wenye asili ya Sudan, Waislamu kama sisi. Pori lile wakaliita Kibra. Mwaka 1918 ardhi hiyo, yapata ekari 4,200, ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Askari wakajenga, wakaswali, wakazika wafu wao, hati hawakupewa. Tume ya Ardhi ya Carter, miaka ya 1930, iliwahesabu kuwa wapangaji wa dola, wa kukaa kwa ridhaa yake tu.

Basi mtu asiye na hati hujenga vipi? Hujenga kwa kitu ambacho kikivunjwa hakitamfilisi: fito, udongo na bati. Kisha wakubwa huitazama nyumba ileile wakasema, hii ni ya muda, haina thamani, na ivunjwe. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Udongo wa Kibera haukutokana na uhaba wa maarifa ya kujenga. Ulitokana na sheria iliyomnyima mtu ardhi, naye akaikandika sheria hiyo ukutani. Waliokuja baadaye kutoka pande zote za Kenya wakapanga na kujenga juu ya msingi huohuo wa mashaka.

Mwezi wa Juni 2017 Wanubi wa Kibra walikabidhiwa hati ya ekari 288. Msomaji alinganishe mwenyewe na zile 4,200. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, tingatinga zilipita Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Huko Soweto East wakazi walianza kuhamishwa mwaka 2009 ili pajengwe ghorofa, na nyumba 822 zikakabidhiwa mwaka 2016.

Ghorofa sizipingi hata kidogo. Maji, choo na taa ni haki ya binadamu, na ni dhulma kumwacha maskini katika tope ili sisi wapenda mambo ya kale tupate cha kutazama. Ninalolitaka ni jingine: kabla ya kiambaza kuanguka, kipimwe, kichorwe, kipigwe picha, na wazee waandikwe maneno yao. Nyumba ni shahidi. Ikiondoka bila kuandikwa, mpangaji na mwenye nyumba wote wawili hupoteza ushahidi wa kuwa waliishi hapo, na siku ya kugawa haki wataulizwa: nyinyi ni nani?

Sheria haitukatazi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kuwa la kuhifadhiwa, lilimradi lina maana katika historia au utamaduni. Haikushurutisha mawe wala nakshi. Na hiyo Soweto ya Afrika Kusini, ambayo kijiji hiki kimechukua jina lake, ina fundisho: nyumba nambari 8115 ya Orlando West, kijumba kidogo cha matofali alimohamia Nelson Mandela mwaka 1946, leo ni makumbusho yanayozuriwa na watu wa dunia nzima. Hawaendi kutazama ukubwa wa kuta.

Nasi Waislamu tusisahau kuwa msikiti wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, pale Madina ulijengwa kwanza kwa matofali ya udongo, nguzo za mitende na paa la makuti. Nani aliyeudharau kwa hayo?

Wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wenye kalamu, wenye ramani na wenye mamlaka na waingie Soweto West mapema, kabla ya tingatinga.