Lowesha Jiwe Kwanza

Huko Geita watu wengi huokota mawe machimboni na kuyapasua nyumbani, waone kama yana dhahabu. Kulitambua jiwe si kosa. Kosa ni vumbi. Jiwe jeupe, gumu, linalokwaruza kioo, mara nyingi ni kwatzi. Likipasuliwa kavu hutoa vumbi laini mno. Vumbi hilo huingia mapafuni na kuyatia makovu. Makovu hayo hayaponi, tena hukaribisha kifua kikuu. Kitambaa puani hakitoshi.

Lowesha jiwe. Likikauka, lilowesha tena. Pasulia nje. Usipasue ukiwa na mtoto mgongoni. Wengine husema kuchota maji kwa ajili ya jiwe ni kujisumbua. Mimi nasema ndoo moja ni nyepesi kuliko kifua kibovu.

Ukikohoa wiki mbili, nenda zahanati.