Mtoto ‘mtukutu’ wa Kibera anahitaji kipimo cha haki

Katika madarasa ya mabati ya Kibera na Kawangware, mtoto asiyetulia ana majina mengi: mtukutu, mjeuri, kichwa maji. Hata huku kwetu Pwani twawajua, shuleni na madrasani. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini kila mzazi ajua kuwa marufuku hiyo haijafika kila darasa. Basi mtoto mwenye tatizo la kweli la umakini, lile madaktari waliitalo ADHD, mara nyingi hukutana na mkono wa mwalimu kabla ya jicho la daktari.

Tatizo hili halina kipimo cha damu. Daktari humuuliza mzazi na mwalimu, kisha huangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu angalau miezi 6, na kama zaonekana nyumbani na shuleni pia. Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kuwa huwapata watoto kama 5 katika kila 100. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika humwona yule anayeruka madawati tu. Msichana aliyekaa kimya, macho ubaoni na akili mbali, hapati wa kumtaja.

Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta vipimo visivyotegemea maneno ya watu peke yake. Kimoja ni jaribio la kompyuta: herufi zapita kwenye skrini, mtoto abonyeze kila aionapo isipokuwa moja aliyokatazwa. Kingine ni kofia yenye vihisio vinavyosoma mawimbi ya umeme wa ubongo.

Wenye mashine hizo wenyewe wanakwenda nazo kwa tahadhari. Marekani iliidhinisha kifaa cha kusoma mawimbi hayo kwa ajili ya ADHD mwaka 2013, lakini mwaka 2016 chuo cha madaktari wa neva wa huko kilionya kuwa kisichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida. Uingereza nayo, mwaka 2024, ilipendekeza jaribio la kompyuta kwa watoto wa miaka 6 hadi 17 limsaidie daktari, si liamue badala yake.

Kuleta vipimo hivyo Kibera kama vilivyo ni kumwonea mtoto. Ambaye hajawahi kugusa kompyuta atachelewa kubonyeza kwa ugeni, si kwa ugonjwa. Anayezungumza Kiswahili, Sheng au Kinubi hataelewa maelezo ya Kiingereza. Kofia ile haishiki vizuri kwenye nywele zilizosukwa. Na matokeo yake yakilinganishwa na ya watoto wa London, hukumu imeshatolewa kabla hajaketi.

Kuna pia vitu vinavyoiba umakini bila ya kuwa ADHD: njaa, usingizi wa chumba kimoja na watu wengi, masikio yanayotoa usaha. Utafiti wa Kilifi umeonyesha kuwa baadhi ya watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani hubaki na shida za kujifunza na za umakini. Madini ya risasi nayo hudhuru ubongo. Sisi tunaijua Owino Uhuru, ambako mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Watafiti waliopima damu za watoto wa chini ya miaka mitano Kibera nao waliikuta risasi, kama walivyochapisha mwaka 2009.

Kazi hii yawezekana kufanyiwa nyumbani. Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza Kilifi kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walitumia vitu na lugha ambavyo mtoto wa Kilifi anavifahamu, wakamlinganisha na watoto wenzake. Kipimo cha umakini cha Kibera na Kawangware kifuate njia hiyo.

Lakini kipimo bila huduma huzaa jina jipya la kumtania mtoto. Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984. Kaunti na wizara ziviwezeshe, na walimu wa shule ndogo za jamii wafunzwe, kwani wengi wa watoto wa mitaa hii husoma huko.

Wazazi tusisubiri mashine. Mtoto asiyetulia akaguliwe kwanza macho na masikio, kisha aulizwe amelala saa ngapi na amekula nini. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, na wengi huisikia methali hiyo kama ruhusa ya kuchapa. Kumkunja mtoto huyu ni kumjulia hali yake mapema, kabla hajaamini mwenyewe kuwa yeye ni mjinga.