Mama Mkwe Mwenye Macho Mekundu

Siku moja akina mama wa kikundi kimoja hapa Shinyanga walinisomea mchezo wa kuigiza walioutunga wenyewe, wakitumaini kuurekodi kwa video. Ulihusu jambo lililoumiza mkoa wetu kwa miaka mingi: vikongwe kuuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Nasi twajua kuwa macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, katika kuwapikia watoto na wajukuu.

Jambo ni zito, lakini mchezo haukumgusa mtu. Bibi alikuwa malaika mtupu, mpiga ramli shetani mtupu, na mwishoni mzee mmoja alisimama akahutubia. Hakuna aliyejiona humo.

Wengi wetu tunakumbuka mchezo wa "Twende na Wakati", ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, mara mbili kwa wiki. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mlevi mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu. Watungaji walifuata njia ya Miguel Sabido wa Meksiko, aliyetunga michezo ya televisheni ya namna hiyo miaka ya 1970. Njia hiyo inataka wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayesitasita. Huyu wa tatu ndiye moyo wa hadithi. Tunu hakuanza akiwa shujaa. Alivumilia, hata mwishowe akamwacha mumewe na kuanza biashara yake ndogo. Mkwaju alipata UKIMWI. Msikilizaji alikwenda na Tunu hatua kwa hatua, na Tunu alipoamua, naye akaona kumbe inawezekana.

Nikawauliza wale akina mama, "Katika mchezo wenu, Tunu ni nani?"

Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema polepole, "Ni mkaza mwana."

Ndivyo! Ndiye aliyezika mtoto. Ndiye anayenong'onezwa kisimani kwamba mama mkwe ndiye aliyemla. Nyuma ya minong'ono yupo shemeji anayelitaka shamba la bibi. Na ndiye kila jioni anayekaa jiko moja na bibi huyo, moshi ukiwaliza wote wawili.

Wakaandika upya. Hotuba ya mzee wakaifuta. Badala yake, mkaza mwana anainama kuchota maji, anaona uso wake ndani ya ndoo: macho yake nayo yameanza kuwa mekundu. Hasemi neno. Usiku watu wanapogonga mlango kumwulizia bibi, ni yeye anayesimama mlangoni.

Waliposoma mara ya pili, mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Baadaye aliniambia kuwa ana miezi kadhaa hajamsalimia mama mkwe wake.

Basi mama, ukitunga mchezo, wa redio, wa jukwaani au wa filamu, usianze na fundisho. Anza na mtu anayependa na kuogopa kwa wakati mmoja. Mtie njia panda, kisha mwache achague mwenyewe. Msikilizaji atachagua pamoja naye.