Maji ya Moto na Limao Hayayeyushi Mafuta ya Kwenye Mishipa

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya kuanika alizeti, maana wengi mmeanza kuvuna na mvua za mwisho bado zinatusumbua. Hilo litasubiri. Kuna jambo nimelibeba moyoni tangu mnada uliopita, na nikilinyamazia nitakuwa siwatendei haki.

Pale mnadani, upande wa viatu vya mtumba, kuna kijana mwenye spika na meza ndogo. Juu ya meza ana sahani ya mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Anaigeuza sahani juu chini na mafuta hayadondoki. "Hivi ndivyo mishipa yako ilivyo!" Kisha anamimina maji ya moto yenye limao na unga wake wa kahawia, mafuta yanayeyuka na kutiririka, watu wanapiga makofi, na vitambaa vya kufungia pesa vinafunguliwa.

Mzee mmoja katika kijiji ninachohudumia aliuona mchezo huo mwaka jana. Aliuza magunia mawili ya alizeti kwa bei ya shambani, akanunua unga wa miezi mitatu, na akaacha vidonge alivyopewa hospitali vya presha na vya kushusha lehemu, ile ambayo wengi mnaiita kolestro. Kabla unga haujaisha alipooza upande wa kulia. Leo shamba lake la ekari tatu linalimwa na mke wake na mjukuu. Sitaapa kwamba angekuwa mzima kama angeendelea na vidonge, maana hakuna anayeweza kuapa hivyo. Ninachosema ni kwamba aliacha kinga inayojulikana akafuata sahani ya mafuta.

Mtaniambia, bwana shamba, wewe na moyo wapi na wapi? Kweli, nina diploma ya kilimo, si daktari. Lakini nimefundishwa namna mnyama anavyomeng'enya chakula, nimefanya kazi na wakamuaji wa alizeti miaka kadhaa, na sahani ile naijua ni uongo kama ninavyoijua mbegu feki. Nitaeleza taratibu, kwa sababu ukishajua safari ya mafuta mwilini hutahitaji mtu wa kukuambia nani anakudanganya.

Ukila nyama ya kukaanga, mafuta hayaendi kwenye damu kama yalivyo. Yanafika kwenye utumbo mdogo, na hapo nyongo inafanya kazi ileile ya sabuni kwenye sufuria, inayavunja kuwa matone madogo sana. Kongosho linaleta kimeng'enya cha kuyakata vipande. Ukuta wa utumbo unavifyonza vile vipande, unaviunganisha upya, halafu unavifunga. Hapa ndipo penye siri yote. Mafuta na maji havichanganyiki, na damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mwili hauyaachii mafuta yaelee peke yake. Unayafunga kwenye vifurushi vidogo vyenye ganda la protini, na ganda hilo linakubaliana na maji. Vifurushi vya kwanza, vya kutoka kwenye utumbo, vinaitwa kailomikroni. Havipiti kwanza kwenye ini kama sukari inavyopita. Vinapanda kwa mishipa ya limfu na kumiminwa kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na mtulinga wa kushoto.

Ndiyo maana mtu akitolewa damu saa chache baada ya kula vyakula vya mafuta mengi, ule umajimaji wa juu unaweza kuonekana mweupe kama maziwa. Si ugonjwa huo. Ni mizigo iko barabarani. Kwenye kuta za mishipa midogo ya misuli na ya akiba ya mafuta kuna kimeng'enya kingine kinachoshusha mzigo. Misuli inachukua mafuta iyachome, akiba inachukua iyatunze. Kifurushi kinanywea na mabaki yake yanapokelewa na ini.

Ini nalo halikai bure. Linafunga vifurushi vyake na kuvituma, hasa ukila na kunywa kupita unavyotumia nguvu. Pombe na sukari nyingi vinaliongezea kazi hiyo. Vifurushi vya ini vikishashusha mafuta vinabaki vidogo, vimejaa lehemu, na hivyo ndivyo karatasi ya maabara inavyoviita LDL. Hivi ndivyo vya kuogopa, hasa vikibaki vingi kwenye damu kwa muda mrefu.

Ini lina milango ya kuvirudisha ndani. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio walioigundua milango hiyo, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Milango ikiwa mingi, vifurushi vinaokotwa haraka. Ikiwa michache, vinazunguka siku nyingi, na kadiri vinavyozunguka ndivyo vinavyopenya kwenye ukuta wa mshipa. Nasema ndani ya ukuta. Havigandi juu yake kama masizi kwenye bomba la moshi. Vikinasa humo, askari wa mwili wanakuja kuvila, wanavimbiwa, wanakufa humohumo, na ukuta unafanya kidonda chenye mafuta ndani na ngozi juu. Kazi hiyo inachukua miaka, na mtu hasikii chochote. Siku ngozi ya kidonda inapopasuka, damu inaganda pale kama inavyoganda kwenye jeraha lolote, na mshipa wa moyo unaziba kwa dakika chache.

Sasa turudi kwenye meza ya kijana wetu. Mafuta ya ng'ombe yanayeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hadi 50. Mwili wako uko nyuzi 37. Maji ya moto ukiyanywa yanapoa na kufikia joto la mwili kabla hayajafika mbali. Yangekuwa na uwezo wa kuichemsha damu ifike nyuzi 45, usingerudi nyumbani na mishipa safi, ungerudi umebebwa. Na hilo limao? Tumbo lako lina asidi yake, kali kuliko ya limao. Hakuna barabara inayolitoa limao tumboni likiwa limao na kulifikisha kwenye ukuta wa mshipa wa moyo. Kunywa maji yako ya moto kama unayapenda, mama yangu naye anayanywa kila akila nyama na sijamkataza. Lakini usiyanunue kama dawa, na usiache vidonge kwa ajili yake.

Wanaosema vidonge vya hospitali ni kemikali za kizungu nawaambia hivi. Dawa ya kwanza katika jamii ya vidonge vya kushusha lehemu ilipatikana kwenye ukungu, na aliyeipata miaka ya 1970 ni Mjapani, Akira Endo. Inalibana ini lisitengeneze lehemu nyingi, na ini likipungukiwa linafungua milango zaidi kuivuta kutoka kwenye damu. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la nchi za kaskazini mwa Ulaya kwa wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa kidonge cha jamii hiyo, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitano na zaidi. Waliokufa kati ya waliokosa dawa ni 256, na kati ya waliopata ni 182. Muuza unga atuletee hesabu yake tuiweke pembeni ya hiyo. Anazo spika tu.

Wengine wenye maneno matamu hawako mnadani, wako kwenye vibandiko vya madumu. Angalia dumu la mafuta ya kula dukani, limeandikwa kwa herufi kubwa HAINA KOLESTRO. Ni kweli kabisa. Mimea yote haina lehemu ya maana. Muhogo hauna, korosho haina. Ni sawa na kuandika kwenye gunia la mahindi kwamba hayana mifupa. Lehemu nyingi iliyo kwenye damu inatengenezwa na mwili wenyewe, na kinachoharibu mambo zaidi ni yale mafuta ya jamii ya kuganda, kwa kuwa yanapunguza kazi ya milango ya ini. Hapo ndipo mafuta ya mimea yanapotofautiana. Katika kila gramu 100 za mafuta ya alizeti, ya kuganda ni kama gramu 11. Pamba ni karibu robo. Mawese ni karibu nusu. Nazi ni zaidi ya gramu 80. Dumu la mawese yaliyosafishwa na dumu la alizeti yote yanaandikwa haina kolestro, na mnunuzi anadhani amenunua kitu kimoja.

Kuna kisiwa cha jirani kilichojaribu jambo hili kwa nchi nzima. Mauritius mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya mgawo, yaliyokuwa mawese kwa sehemu kubwa, yakawa ya soya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu kwenye damu za watu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Hawakubadilisha mafuta peke yake, walihimizana na mambo mengine pia. Lakini watafiti waliopima wanayahesabu mafuta kuwa sehemu kubwa ya sababu. Hakuna aliyenyweshwa unga.

Ndugu zangu wa Kigoma msinirushie mawe. Mawese mekundu ya kukamua nyumbani yana rangi inayogeuka vitamini A mwilini, na mtoto anayekula mchicha na kijiko cha mawese hayo hana kosa. Nazungumzia mtu mzima wa miaka 50, ana presha, anakaanga kila siku na kula chipsi jioni.

Na kila nikisema haya barazani lazima mtu mmoja ataje Wamasai. Wanakunywa maziwa, wanakula nyama, mbona hawaanguki? Swali zuri, na limejibiwa hapahapa kwetu. Mtafiti wa Kimarekani George Mann aliwapima Wamasai miaka ya 1960 akakuta lehemu yao iko chini. Mwaka 1972 wakachapisha walichokiona kwenye miili ya wanaume 50 waliofariki. Kuta za mishipa zilikuwa na ule ugonjwa, tena si kidogo. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ilikuwa inapita, na Mann aliona sababu ni kutembea kwao. Kwa hiyo anayekula kama Mmasai na kutembea kwa bodaboda kutoka nyumbani hadi dukani amechukua nusu ya mila.

Najua pia mtasema bwana shamba anapigia debe alizeti kwa kuwa ndiyo kazi yake. Sawa, ni kazi yangu, na napenda mkulima wangu auze. Basi niwaseme na wa kwetu. Kuna wafanyabiashara wanaochanganya mawese ya bei nafuu kwenye alizeti na kuuza kwa bei ya alizeti. Huo ni wizi mara mbili, wa pesa na wa afya. Mafuta yakikaa kwenye baridi ya alfajiri yakafanya wingu jepesi, usikimbilie kumwita mtu mwizi, alizeti isiyosafishwa ina nta ya maganda inayofanya hivyo. Lakini yakiganda mazito hadi nusu ya chupa, uliza maswali. Kuna na wanaouza alizeti kama dawa. Alizeti ni chakula, na ina nguvu zilezile za kunenepesha kama mafuta mengine.

Wakaanga chipsi, ninyi nanyi. Alizeti ikichemshwa mara nyingi inaharibika upesi kuliko mawese, hiyo ndiyo kweli na sitaificha. Mafuta yakishakuwa meusi, yanatoa povu na moshi kabla ya wakati, usiyaongezee mapya ili yaonekane. Yamwage. Na yale mafuta magumu ya viwandani yaliyogandishwa kwa hidrojeni ndiyo mabaya kuliko yote, yanapandisha LDL na kushusha ile lehemu njema. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziyaondoe kwenye chakula ifikapo 2023. Ukiona neno hilo la hidrojeni kwenye kibandiko, rudisha.

Viongozi wa mnada nimeshawafuata. Jibu nililopewa ni kwamba kijana analipa ushuru wa meza kama wengine. Muuza mbegu feki naye hulipa ushuru, na tulipomkamata hakuna aliyeuliza risiti yake. Nimeomba nafasi ya dakika 20 kwenye spika hiyohiyo, na mganga wa zahanati yetu amekubali kuja na kipimo cha presha. Ni mnada ujao, saa nne asubuhi, chini ya mwembe karibu na mizani. Mwenye vidonge alivyoviacha nyumbani avibebe, hata kama ni kopo lenye vumbi, tuangalie kama havijapita muda. Ya kuanika alizeti nitaileta wiki ijayo. Kwa sasa msiianike kwenye udongo mtupu, tafuteni turubai.