NGUO YA KUAZIMA HAISITIRI

Sisi watu wa Pwani Wameru twawajua kwa mirungi. Mimi niliyekaa Meru na Embu miaka kadhaa nawajua kwa jambo jingine: maji. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya wanakijiji huchanga fedha na nguvu, wakayavuta maji kutoka mtoni, na bomba likisha kulazwa ni la wote. Likipasuka, hawangoji mtu wa Nairobi, hulifukua wenyewe.

Basi mbona programu za kompyuta zilizolipiwa na umma hazifuati ada hiyo? Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilishika nafasi ya NHIF. Mfumo wake wa kompyuta ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 104.8; na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyotoka 2025 ikasema umiliki wake si wa serikali. Mlipaji ni mwananchi, mwenye mali ni mwingine!

Wako watakaosema hakuna njia nyingine. Si kweli. Tangu 2011 takwimu za afya za Kenya nzima zilianza kukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoundwa Chuo Kikuu cha Oslo. Huria maana yake yeyote aweza kuitumia, kuichungulia ndani, kuirekebisha na kumpa mwenziwe. Vijana wa Chuo Kikuu cha Embu waweza kuitia Kiembu, wa Meru wakaitia Kimeru, nasi Mombasa tukaichukua bila kuinunua mara ya pili.

Na siri za wagonjwa je? Hizo zibaki siri. Programu ni kama daftari tupu. Kumwonyesha mtu jinsi daftari lilivyoshonwa si kumsomea yaliyoandikwa ndani. Na fundi? Alipwe ujira wake kamili. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini akisha kulipwa, asiondoke na ufunguo wa nyumba.

Waislamu twaijua wakfu: kisima kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi, kila mwenye kiu huteka. Serikali kuu na za kaunti ziweke sharti hilo katika kila mkataba: kilichonunuliwa kwa kodi kiachiwe umma. Pasipo hivyo hospitali zetu, za Meru kama za Mombasa, zitajifunika nguo ya kuazima, na mwenyewe aweza kuja kuitaka siku yoyote.