Kiswahili cha Mdomoni Kitatahiniwa Lini?

Nilipokuwa nikifundisha kwa muda katika shule moja ya upili mjini Isiolo, nilisahihisha insha mbili ambazo hadi leo hazijaniondoka akilini. Ya kwanza ilikuwa ya msichana wa mtaa wetu wa Wabera. Upatanisho wa ngeli ulimshinda, hijai ikawa mbovu, nami nikampa alama 7 kwa 20. Ya pili ilikuwa ya mvulana aliyekuwa amekariri utangulizi, methali na tashbihi za kuipamba mada yoyote atakayopewa. Huyo alipata 15.

Jumamosi moja nilimkuta yule msichana katika zahanati akimfasiria ajuza wake. Maneno ya tabibu aliyatoa katika Kiswahili akayatia katika Kiborana, na ya ajuza akayarudisha katika Kiswahili: kipimo cha dawa, saa za kumeza, dalili za hatari. Tabibu aliridhika, ajuza naye akaelewa. Yule mvulana, nilipomwomba darasani aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokiandika, alinyamaza.

Sikukiuka mwongozo wa kusahihishia. Insha ya KCSE hupimwa kwa ngazi nne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Msahihishaji hutazama maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na hijai. Karatasi ya Insha ina alama 40, ya Lugha 80 na ya Fasihi 80. Kati ya alama hizo 200, hakuna hata moja inayomtaka mtahiniwa afungue kinywa.

Huenda ikasemwa kuwa kutahini mazungumzo ni ghali na ni kugumu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama Baraza letu la Mitihani lisingekuwa linafanya kazi hiyo tayari. Mtahiniwa wa Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu katika KCSE huketi mbele ya mtahini akazungumza. Lugha ya kigeni hupewa sikio, ilhali lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010 hupewa karatasi tu. Watahiniwa wa Kiswahili ni wengi mno, nakubali. Lakini wingi wao ndio unaoonyesha jinsi pengo lilivyo kubwa.

Kiingereza nacho hakijanusurika. Karatasi yake ya kwanza ina alama 30 za stadi za mazungumzo, nazo hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika jinsi neno linavyotamkwa bila kulitamka. Mnamo Oktoba 2021, serikali ilieleza kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, ni 10 tu waliofaulu. Sidai kuwa sababu ilikuwa moja. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyepitia shule zote bila mdomo wake kupewa alama, atajuaje udhaifu wake uko wapi?

Hebu tuutazame mtihani wa IELTS, ambao ulianza mwaka 1989, mwaka uleule KCSE ya kwanza ilipofanywa. Mtahiniwa huzungumza na mtahini kwa dakika 11 hadi 14. Hupewa mada, akajiandaa kwa dakika moja, kisha akaieleza kwa dakika moja hadi mbili. Mazungumzo hurekodiwa. Vigezo ni vinne vyenye uzito sawa: mtiririko na mshikamano, msamiati, sarufi, na matamshi. Vigezo hivyo vimechapishwa, hivyo kila mtu anaweza kuvisoma kabla ya kuketi. Katika matamshi, linaloulizwa ni iwapo msemaji anaeleweka. Lafudhi ya kwao peke yake haihesabiwi kuwa kosa.

Siusifu mtihani huo kwa kila jambo, kwani ada yake ni mzigo kwa familia nyingi. Hata hivyo, katika suala la lafudhi tuna la kujifunza. Tukianza kutahini mazungumzo ya Kiswahili bila vigezo vya wazi, naogopa tutamwadhibu Mborana, Mturkana, Mmeru na Msomali wa Isiolo kwa kuwa tu hawakuzaliwa Lamu wala Unguja. Mtihani wa namna hiyo utakuwa mbaya kuliko kutokuwa na mtihani.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kuwe na karatasi ya mazungumzo yenye alama zisizopungua za Insha, yaani 40. Pili, kazi zake ziwe za maisha: kueleza, kushawishi, kufasiri, kupatanisha. Tatu, mazungumzo yarekodiwe na yasikilizwe na watahini wawili, mmoja akiwa wa kutoka nje ya shule, kwa vigezo vilivyochapishwa.

Wakati ndio huu. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watafika Gredi ya 12 mwaka 2028. Mtaala wao umekutaja kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa stadi za lugha. Sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tusipoandika vigezo hivyo sasa, mtihani wao utakuja na karatasi zilezile chini ya jina jipya.

Sijui alama 7 zilimfikisha wapi yule msichana. Najua kuwa ajuza wake alikunywa dawa ipasavyo, na kwamba hatukuwa na mahali pa kuliandika hilo.