Teksi ya angani haibebi mawese

Septemba 2025, Kigali ilirusha teksi ya angani ya EHang, kampuni ya China. Haina rubani, hubeba watu 2, na chaji moja huipeleka takriban kilomita 30.

Ingeletwa hapa Burundi, kutoka Bujumbura ingefika Kabezi. Rumonge, iliyo kilomita zaidi ya 70, isingeiona.

Tena abiria wa barabara ya Bujumbura hadi Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, hasafiri mikono mitupu: ana dumu la mawese la lita 20, kapu la samaki aina ya mukeke na mtoto mgongoni.

Ndege zisizo na rubani (droni) zina faida. Rwanda inazitumia kupeleka damu hospitalini tangu 2016. Lakini kwa safari za kila siku, mwambao huu unahitaji mafuta ya basi na barabara isiyomezwa na maji. Serikali ianzie hapo.